Vitamini D na Mchochota wa Chinichini: Kipi Huzaa Kipi?

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania, watu wanaoshinda juani wakichunga, wakiwinda na kuchimba mizizi. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Mkazi wa Ulaya ya kaskazini anayemaliza majira ya baridi mara nyingi huwa chini ya nusu ya hapo. Namba hiyo ya 115 imekuwa hoja kubwa ya wanaotaka kila mjamzito anywe dozi nene: eti ndicho kiwango ambacho mwili wa binadamu uliumbiwa, na mama asiyekifikia atazaa mtoto mwenye mchochota usiokoma mwilini. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Sehemu nyingine imeshindwa kwenye majaribio, na mama anayetoa fedha yake dukani ana haki ya kujua ni ipi.

Mtoto akijikata, kidonda huvimba, huwa chekundu, huuma, kisha hupoa. Hiyo ni kinga iliyofanya kazi yake ikamaliza. Mchochota wa chinichini hauna homa wala maumivu. Huonekana maabara tu, hasa kwa kupima protini iitwayo CRP, ambayo ini huitoa likipata ishara kutoka kwa seli za kinga. CRP ikipita miligramu 10 kwa lita, daktari hutafuta maambukizi au jeraha. Ikikaa juu ya 3 kwa miezi bila sababu ya wazi, ndipo hushuku huu wa chinichini, ambao kwa watu wazima huandamana na magonjwa ya moyo na kisukari.

Vitamini D inahusikaje? Ngozi huitengeneza kwa mionzi ya jua, ini huigeuza kuwa umbo linalopimwa kwenye damu, figo huikamilisha ili ifanye kazi kwenye mifupa. Seli za kinga, hata hivyo, haziisubiri figo. Zina kimeng'enya chao cha kuikamilisha palepale zilipo, na ikishakamilika hupunguza ishara za kuwasha mchochota na kuzipa nguvu seli zinazoutuliza. Mtoto aliye tumboni hupata yote kutoka kwa mama kupitia kondo, na damu ya kitovu kwa kawaida huwa na kiasi kidogo kuliko damu ya mama. Maziwa ya mama nayo huwa na vitamini D kidogo, ndiyo maana Marekani watoto wanaonyonya hushauriwa kupewa yuniti 400 kwa siku. Mama akiwa na upungufu, basi, mtoto huanza maisha na upungufu.

Ugumu unaanza hapa. Watafiti wanapokuta watu wenye vitamini D kidogo wana CRP nyingi, hawajui bado kipi kimezaa kipi. Unene hupandisha CRP, na unene huohuo huteremsha vitamini D. Mtoto anayecheza nje hupata jua, lakini pia hupata mazoezi. Ujauzito wenyewe hupandisha CRP hata kwa mama mwenye afya njema. Na mgonjwa akifanyiwa upasuaji, vitamini D katika damu yake hushuka ndani ya siku chache, bila kubadili chakula wala kukosa jua. Hapo mchochota ndio uliotangulia.

Njia ya kukata shauri ni kugawa dozi kwa kura. Denmark, wajawazito 623 waligawanywa hivyo kuanzia wiki ya 24 hadi wiki moja baada ya kujifungua: nusu yuniti 400 kwa siku, nusu 2,800. Marekani walilinganisha 400 na 4,400. Majaribio yote mawili yalilenga pumu, ambayo ni mchochota wa njia za hewa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha watoto wa dozi kubwa wakipumua kwa mlio wa kifua pungufu kidogo kufikia miaka 3, lakini tofauti haikutosha kuthibitisha lolote. Wale wa Marekani walipofika miaka 6, tofauti haikuwepo tena. Kilichobaki Denmark ni meno: kasoro za enameli zilipungua karibu nusu. Si jambo dogo, ila si mchochota.

Dar es Salaam ilitoa jibu la karibu yetu zaidi. Wajawazito 2,300 wanaoishi na VVU walipewa yuniti 3,000 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Ripoti ya mwaka 2022 haikuona nafuu katika afya ya akina mama, uzito wa watoto kwa umri wa mimba, wala udumavu.

Utafiti ninaouona wa maana kuliko yote ulitoka mwaka huohuo. Ulitumia vinasaba vya watu wazima karibu 295,000 wa Uingereza, na vinasaba mtu huzaliwa navyo, haviyumbishwi na unene wala maradhi ya leo. Ulionyesha kwamba upungufu wa vitamini D hupandisha CRP kweli, lakini mpaka karibu nanomoli 50 tu. Kupita hapo, kuongeza hakuteremshi kitu. Ikiwa watoto wako hivyohivyo, majaribio yaliyoshindwa yanaeleweka: wengi wa waliopewa dozi hawakuwa na upungufu mkubwa wa kuzibwa. Na wanaokimbilia 115 wanakimbilia mahali ambapo mchochota haupungui zaidi.

Afrika, uchambuzi wa mwaka 2020 ulikuta mtu mmoja kati ya watatu yuko chini ya 50, na wanawake, watoto wachanga na wakazi wa mijini ndio wenye hali mbaya. Kwa hiyo jua la ikweta halimkingi kila mtu. Mama anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili mzima, yumo hatarini hata Mombasa. Huyo ndiye wa kupimwa na kusaidiwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vidonge hivi kwa kila mjamzito. Kwa anayeshukiwa kuwa na upungufu limetaja yuniti 200 kwa siku.

Mama mjamzito, kabla hujanunua chupa ya matone, mweleze muuguzi wa kliniki unavyoshinda na unachokula: samaki wenye mafuta, mayai, jua kiasi gani. Na usiache vidonge vya kuongeza damu, dawa za minyoo na chandarua kwa ajili ya chupa hiyo. Malaria na maambukizi mengine hupandisha CRP kuliko upungufu wowote wa vitamini D, na kinga yake unapewa bure.