Je, wajua? Kiraka cha mstari mmoja ndani ya kerneli ya simu

Simu ya Android ya mkulima wa chai wa Lufingo, wilayani Rungwe, inaendeshwa na kerneli ya Linux, programu ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991. Sehemu kubwa ya kerneli hiyo ni draiva, yaani programu zinazoamuru vifaa: kamera, spika, kioo cha kugusa. Aplikesheni ikikosea, hufungwa yenyewe na simu ikaendelea kufanya kazi. Draiva hukosea ikiwa ndani ya kerneli, ikiwa na mamlaka juu ya kumbukumbu yote ya simu. Kwa hiyo kiraka cha kurekebisha draiva, hata kiwe cha mstari mmoja, kinastahili kuhakikiwa kwa ukali kuliko urefu wake unavyoashiria.

Chukua draiva inayosahau kuachia kumbukumbu pale kifaa kinapogoma kuwaka. Fundi anaongeza mstari wa kuiachia, na mstari wenyewe hauna kosa. Mhakiki makini haishii hapo; hufuatilia ni nani mwingine bado anaitumia anwani ya kumbukumbu ile. Akiwepo, huyo ni mpangaji aliyehama chumba akabaki na ufunguo, na uvujaji mdogo wa kumbukumbu umeshageuka mlango wa wadukuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walilijaribu jambo hili kwa hila, wakituma viraka vyenye kasoro za makusudi; Aprili 2021 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa Linux, akakipiga marufuku chuo kizima, na sioni alikosea wapi. Lakini kilichofuata kina uzito kuliko hila yenyewe. Mabadiliko 435 yaliyotoka chuoni hapo miaka iliyotangulia yalisomwa upya. Mengi yalikuwa sahihi, ila 39 yalikutwa na makosa yaliyohitaji kurekebishwa, na hayo hayakuwa sehemu ya mtego: yalikuwa kazi ya kawaida iliyokwisha kupita mikononi mwa wahakiki.

Kuna watakaosema majaribio ya kompyuta yanatosha. Yanasaidia kweli, mfumo wa Google uitwao syzbot huitikisa kerneli usiku na mchana. Tatizo ni kwamba sehemu ya draiva inayoshughulikia kifaa kilichogoma hufanya kazi mara chache mno, na mara nyingi anayejaribu hana hata kifaa chenyewe mezani. Hapo linabaki jicho la msomaji. Hoja nzito zaidi ni ya ucheleweshaji: wadukuzi hawasubiri uhakiki uishe. Ni kweli, ila tuangalie muda hupotelea wapi. Draiva moja ya MediaTek, kampuni ambayo chipu zake zimo katika simu nyingi za bei nafuu, ilikuwa na tundu lililosajiliwa kama CVE-2020-0069. MediaTek ilikuwa na kiraka tangu Mei 2019. Google ilikiingiza katika taarifa yake ya usalama Machi 2020, na kufikia wakati huo tundu lilikuwa limeshatumiwa na wadukuzi. Miezi kumi hiyo haikuliwa na wahakiki. Kiraka kilikuwa tayari, watengenezaji wengi wa simu hawakukifikisha kwa wateja.

Msomaji mwenye simu ya MediaTek ya miaka hiyo afungue Mipangilio, kisha Kuhusu simu, atazame tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya kabla ya 5 Machi 2020, asiiamini simu hiyo kwa fedha zake.