Pakua Programu Uliyoitaka Pekee

Programu nyingi za bure zinazopakuliwa kwenye intaneti hufungashwa pamoja na nyingine ambazo mtumiaji hakuziomba. Mwaka 2015, watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, waliilalamikia tovuti ya SourceForge kwa kuifungasha hivyo. Programu hizo za ziada huweza kubadili mipangilio ya kivinjari, kuleta matangazo na kumaliza bando lako. Mara nyingi huingia kupitia visanduku vilivyotiwa alama ya vema kabla hujaulizwa.

Tunakushauri upakue programu kutoka tovuti ya mtengenezaji wake, uepuke usakinishaji wa haraka, usome kila hatua na uondoe alama usizoziridhia. Zikiwa zimekwisha kuingia, panga orodha ya programu kwa tarehe, kisha ondoa zilizosakinishwa siku hiyo bila ridhaa yako.