Fomu Iliyomtaka Mwalimu Awe Kampuni

Machi 2018, Waziri wa Habari wa Tanzania, Harrison Mwakyembe, alipozitia saini Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, kilichozungumzwa sana kilikuwa ada: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni nyingine kila mwaka, na kwa mwenye kuchapisha bila idhini, faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Lililonikaa mimi moyoni ni fomu yenyewe ya kuombea leseni.

Iliuliza mtaji wa hisa ni kiasi gani. Wakurugenzi ni nani, na wanahisa ni raia wa wapi. Wafanyakazi wana elimu gani. Kazi itaanza lini, na mipango ya kuikuza ni ipi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, aliyekuwa na blogu yake juu ya bei ya samaki pale soko la Deep Sea, uvuvi wa baruti na vikao vya madiwani, aliisoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi, asione mahali pa kumwandika mtu aliye peke yake na simu yake. Fedha, asema, labda angekopa. Kilichomkata maini ni kuona kwamba aliyeitunga fomu ile hakumdhania raia kuwa na neno la kusema pasipo kwanza kuwa kampuni. Juni, mtandao wa majadiliano wa JamiiForums ulipofungwa kwa muda kwa ajili ya kanuni hizo, naye akaiweka kalamu chini.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno ya barazani. Wasomaji wake wale wale, waliomletea habari za milipuko ya baruti baharini, walimwambia kwa nia safi kwamba serikali imefanya vema, kwa kuwa katika simu watu wanatukanwa na kuzuliwa uongo pasipo haya. Hakuwa na jawabu la kuwatosheleza, maana matusi hayo yalimfika hata binti yake. Lakini ashikilia kwamba watukanaji wangalipo, kwa majina ya bandia, na walionyamaza ni wale walioandika kwa majina yao.

Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, na ada zikapunguzwa. Nilipomwuliza kama atarejea kuandika, alitaka kwanza kujua ni nani atakayempigia simu alfajiri kumwambia baruti imelia, ikiwa watu wamekwisha kuzoea kuisikia na kugeukia upande wa pili.