Jumamosi sokoni Tengeru: mtoto apewe fungu lake achague mwenyewe

Wapo watoto wanaoona haya kuvaa nguo za mtumba, na mara nyingi haya hiyo wameifunza nyumbani. Mama hununua sweta sokoni, akiulizwa na jirani anasema ametoka nalo dukani. Mtoto anasikia na kuelewa kwamba kuna jambo la kuficha. Akifika darasa la sita anataka raba mpya za dukani ambazo mfuko wa baba haziwezi, na nyumba inaingia kwenye ugomvi.

Dawa moja ni kwenda naye sokoni, si kumbebea tu mfuko wa nguo zilizochaguliwa na mkubwa. Kwa familia za Arusha, Usa River na vijiji vya mlimani Meru, soko la Tengeru ni mahali pazuri pa kuanzia. Liko kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi, kilomita 13 hivi kutoka mjini, na siku zake kubwa ni Jumatano na Jumamosi. Kuna ndizi, maparachichi na maharage kutoka mashambani, na kuna nguo na viatu, vingine vimetundikwa kwenye kamba, vingine vimemwagwa juu ya turubai.

Fungu la mtoto

Kabla ya kupanda daladala, familia ikae na kuandika kinachohitajika. Baridi ya Arusha ya Juni hadi Agosti haina utani, kwa hiyo sweta au koti huwa la kwanza. Kisha mtoto apewe fedha yake mkononi. Tuseme ni shilingi 15,000, na ndani yake lazima lipatikane koti. Kinachobaki ni uamuzi wake.

Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa. Mtoto akichukua fulana yenye picha badala ya suruali imara, mkono wa mama unakwenda mbio kuirudisha. Avumilie. Fulana ikipauka baada ya kufuliwa mara mbili, mtoto atakuwa amejifunza kwa gharama ndogo jambo ambalo watu wazima hulijua kwa gharama kubwa. Mzazi aingilie tu pale afya au usalama unapohusika, na asiongeze fedha njiani. Fungu likiongezwa kila likiisha, mtoto hajifunzi kitu.

Kupatana bei nako ni somo. "Kaka, hili koti bei gani?" "Elfu nane, mama." "Nipunguzie, niko na mwanao hapa." Mtoto asikie, kisha ajaribu mwenyewe, akianza na shikamoo kwa muuzaji aliyemzidi umri. Aelezwe pia kwamba muuzaji hununua belo likiwa limefungwa, bila kujua ndani kuna nini. Akikuta nguo nyingi zenye madoa, hasara ni yake. Kupunguziwa ni haki ya mnunuzi kuomba, lakini kumdharau muuzaji si sehemu ya biashara.

Kukagua kabla ya kulipa

Nguo inyanyuliwe juu kwenye mwanga ili matundu yaonekane. Zipu ifunguliwe na kufungwa mara mbili. Mishono ya kwapani na ya katikati ya miguu ivutwe kidogo, maana huko ndiko nguo huanza kuachia. Koti la mtoto mdogo likiwa na kamba shingoni, kamba itolewe, kwa kuwa inaweza kunasa akiwa anacheza na kumkaba.

Viatu vikunjwe kwenye soli. Gundi iliyokauka hupasuka papo hapo. Ndani kukiwa na alama nzito ya unyayo wa aliyevaa mwanzo, vitamsumbua mtoto kutembea. Avijaribu vyote viwili, asimame, atembee.

Nguo za ndani zisinunuliwe kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani za mtumba kwa sababu za kiafya. Fedha ya chupi na sidiria itengwe kwa ajili ya dukani.

Soko hujaa. Kabla ya kuingia, familia ikubaliane mahali pa kukutana mtu akipotea, na mtoto mdogo awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi.

Tengeru ya watoto waliofika mikono mitupu

Baada ya manunuzi na sahani ya loshoro au ndizi, siku bado ina nafasi. Si mbali na soko, kwenye eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi, yapatayo 150. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wapolandi wengi waliondolewa makwao na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Waliofanikiwa kutoka walipitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 baadhi yao wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban watu 5,000, wengi wakiwa akina mama na watoto.

Waliishi katika nyumba za msonge, wakajenga shule, kanisa na hospitali, wakalima. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wengi wakahamia Uingereza, Kanada na Australia.

Kwa mtoto mwenye mfuko wa mitumba mkononi, habari hii inaingia bila mahubiri. Watoto wa rika lake walifika hapo wakiwa na kile walichoweza kubeba tu, na utu wa mtu haupimwi kwa nguo. Waliokulia Tengeru waliendelea kuikumbuka hadi uzeeni.

Mkoba ukifika nyumbani

Nguo zote ziloekwe kwenye maji ya moto na sabuni, za rangi kali peke yake zisije zikachujia nyingine. Zianikwe juani zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi ya moto nje na ndani. Kazi hiyo mtoto aishiriki, pamoja na safari ya kwa fundi cherehani kama suruali inahitaji kupunguzwa.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ndilo lenye uzito. Mgeni akilisifia koti, mzazi aseme wazi kwamba limetoka Tengeru na kwamba mtoto ndiye aliyelichagua na kupatana bei. Mtoto atakayesikia hivyo hatakuwa na cha kuficha shuleni Jumatatu.