Nyama za paja: Mbona zinachanika bila mtu kukugusa?

Jioni maji yakishakupwa, ufukwe wa Kilwa Masoko unageuka uwanja. Mpira unapigwa mbele, winga anafyatuka, ghafla anashika paja kwa nyuma na kukaa chini. Hakuna aliyemgusa. Wenzake wanadhani anajifanya.

Hajifanyi. Nyuma ya paja kuna misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa makalio na kushuka hadi chini ya goti. Unapokimbia kasi, mguu unarushwa mbele, na kabla haujatua, misuli hiyo ndiyo inayofunga breki. Inavutika huku imekaza. Wengi huchanika hapo hapo. Hata Usain Bolt yalimkuta Agosti 2017 jijini London, kwenye fainali ya mbio za kupokezana vijiti.

Sasa kuna namna ya kukimbia inayoongeza hatari. Ukitupa hatua ndefu kupita kiasi, mguu unatua mbali mbele ya mwili na breki inakuwa kali. Ukiinama sana au ukibinua kiuno, ule mwanzo wa msuli unavutwa juu, unabaki umenyooka muda wote. Makalio yakiwa dhaifu, paja linabeba kazi isiyo yake.

Na mchanga je? Kwenye mchanga laini mguu unazama, unachoka mapema, na msuli uliochoka haufungi breki sawasawa. Ila kasi huko ni ndogo. Mimi naona balaa zaidi ni kwa aliyezoea ufukweni wiki nzima, halafu Jumapili anaingia uwanja mgumu na kukimbia kama kafukuzwa.

Zoezi la kujikinga halina gharama: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha shuka mbele polepole mgongo umenyooka. Tafiti zinaonyesha timu zinazolifanya hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Siku za mwanzo paja litauma, anza na machache.

Ukishaumia, achana na kukandwa maji ya moto siku mbili za mwanzo, maana yanaongeza uvimbe. Tafuta barafu, hata ile ya wauza samaki, ifunge kwenye kitambaa uweke dakika 15. Ukisikia kitu "pwaa", paja likabadilika rangi au ukashindwa kukanyaga, nenda hospitali. Na usirudi uwanjani kwa sababu tu maumivu yameisha. Aliyewahi kuchanika ndiye anayechanika tena kirahisi.