Nora, Yaya na Mlango: Namna ya Kuijadili A Doll's House

Ukurasa wa mwisho wa A Doll's House ukifika, darasa hugawanyika kabla hata mwalimu hajauliza swali. Upande mmoja husema Nora alifanya vyema kuondoka, kwa kuwa Torvald alimchezea kama mwanasesere kwa miaka minane. Upande wa pili husema hakuna mama anayewaacha watoto watatu wakiwa wamelala, akafunga mlango, akaenda zake. Kelele hupanda. Mmoja hutaja Biblia, mwingine hutaja katiba, kengele hulia. Siku inayofuata mnaandika insha, na wengi huandika mahubiri.

Nimesahihisha mahubiri hayo kwa miaka mingi. Yana Kiingereza kizuri na alama chache.

Swali lenyewe ni zuri. Je, Nora alikosea kuwaacha watoto? Mtahini hupenda kulizungusha: mara aulize kuhusu ndoa, mara kuhusu uwajibikaji, mara kuhusu udanganyifu na matokeo yake. Kosa lenu si kubishana. Mnakosea mnapobishana kuhusu akina mama wote duniani badala ya mama huyu mmoja, katika nyumba hii moja, katika siku hizi tatu za Krismasi.

(Makala haya yako kwa Kiswahili ingawa jibu lako utaliandika kwa Kiingereza. Nimewasikia kwenye foleni ya chakula: Nora mnamjadili kwa Kiswahili. Basi fikiria kwa lugha unayobishania, kisha uandike kwa lugha ya mtihani.)

Tuanze na mkopo, kwa sababu bila mkopo hakuna tamthilia. Henrik Ibsen, mwandishi kutoka Norway, alichapisha kazi hii Desemba 1879, na mwezi huo huo ikaigizwa kwa mara ya kwanza mjini Copenhagen, Denmark. Wakati huo mke hangeweza kukopa bila idhini ya mumewe. Huhitaji kitabu cha historia kuthibitisha jambo hilo, Bi. Linde analisema waziwazi katika Sehemu ya Kwanza, na hapo ndipo unapopaswa kulichukua. Kwa maelezo yako mwenyewe, ujue kwamba Norway iliwapa wanawake walioolewa hadhi ya mtu mzima mbele ya sheria mwaka 1888, miaka tisa baada ya tamthilia kutoka.

Sasa mtazame Nora. Mumewe ni mgonjwa, na madaktari wanasema asipopelekwa kusini kwenye joto atakufa. Torvald mwenyewe hataki kusikia habari za deni. Baba yake Nora naye yuko kitandani anakufa. Nora anakwenda kwa Krogstad, anakopa, na panapohitajika sahihi ya baba kama mdhamini anaiandika yeye mwenyewe. Hati ina tarehe 2 Oktoba. Baba alifariki 29 Septemba. Krogstad anamwonyesha tarehe hizo mbili na mambo yamekwisha: maiti haitii sahihi.

Wengi wenu huandika hapa kwamba Nora ni mwongo, kisha mnapiga nukta. Ni kweli ni mwongo. Tunakutana naye akila biskuti za lozi kwa siri na kupangusa mdomo, na mumewe akimuuliza anakana. Lakini pima uongo huo. Biskuti anazificha kwa sababu mtu mzima mwenzake amemkataza peremende kama mtoto. Deni analificha kwa sababu sheria haikumwachia njia nyingine ya kumwokoa mumewe. Na analilipa: anabana pesa za nguo, anafanya kazi za mkono, na msimu mmoja wa baridi anajifungia usiku akinakili maandishi kwa malipo. Mwanafunzi anayetenganisha aina hizi mbili za uongo tayari amewapita wenzake.

Usimsafishe Nora kupita kiasi pia. Anajisifia bahati yake mbele ya Bi. Linde, mjane asiye na mtoto wala senti. Anamchezeachezea Daktari Rank akitaka kumwomba pesa, ingawa, na hili mtalikumbuka, Rank anapomfungulia moyo wake yeye anaacha kuomba. Insha isiyoona dosari za mhusika huwa kama wasifu wa kaburini.

Nikirudi kwenye watoto, kuna mazungumzo mafupi mwanzoni mwa Sehemu ya Pili ambayo karibu kila darasa huyaruka. Ni siku ya Krismasi. Mti uliopambwa jana sasa umevuliwa mapambo, mishumaa imeungua. Yaya analeta sanduku la nguo za kuvaa kwenye dansi. Anasema watoto wanamwulizia mama yao. Nora anajibu kwamba hataweza kuwa nao kama zamani. Kisha anauliza, kama anayewaza kwa sauti, ikiwa wangemsahau mama yao iwapo angeondoka kabisa. Halafu anamgeukia yaya na kumuuliza swali ambalo hajawahi kumuuliza: uliwezaje kumwacha mtoto wako mwenyewe mikononi mwa wageni?

Yaya huyu ndiye aliyemlea Nora. Ili amlee, ilimbidi amwache binti yake wa kumzaa. Alikuwa msichana maskini aliyepata mimba, mwanamume hakumsaidia kwa lolote, na kazi nzuri ikatokea. Binti amemsahau? Hapana, anasema, alimwandikia barua alipopata kipaimara na alipoolewa. Barua mbili katika maisha mazima.

Katika darasa moja nililofundisha, wanafunzi walikuwa wamebishana dakika thelathini kuhusu mama anayewaacha watoto. Msichana aliyekuwa hainui mkono kabisa akauliza, "Mwalimu, mbona hakuna anayemlaumu yaya?" Kukawa kimya. Akaongeza kwamba yeye amelelewa na nyanyake, kwa sababu mamake analea watoto wa watu Nairobi tangu yeye akiwa darasa la pili. Hakulia wala hakutaka kuhurumiwa. Alitaka kujua kwa nini darasa zima lilikuwa na hasira na mama mmoja na halikumwona mama mwingine aliye katika kitabu hicho hicho.

Sikuwa na jibu la haraka, na nilikuwa nimekifundisha kitabu hicho mara kadhaa. Tangu siku ile huanza mjadala hapo.

Jibu, nadhani, liko katika sababu. Mama maskini akimwacha mwanawe ili apate mkate, jamii huita hilo lazima na kulisahau. Mama mwenye nafasi akiwaacha wanawe ili ajijue yeye ni nani, jamii huita hilo ukatili. Ibsen ameziweka kuondoka hizi mbili ndani ya nyumba moja na hajatuambia ipi ni nzito zaidi. Hapo ndipo insha yako inaweza kusema jambo ambalo mtahini hajalisoma mara mia asubuhi hiyo.

Kuna ushahidi mwingine, na huu unamgusa Torvald. Rudi mwishoni mwa Sehemu ya Kwanza. Akimzungumzia Krogstad, Torvald anasema mzazi anayeishi katika uongo huwatia watoto wake sumu, na kwamba mara nyingi chanzo ni mama. Hajui anamwambia nani. Nora anabaki ameganda, na tangu hapo anaanza kujitenga na watoto. Kwa hiyo wazo kwamba watoto wangekuwa salama mbali naye halikuzaliwa na uasi wa usiku wa mwisho. Alilipata kwa mumewe, siku mbili kabla.

Na usiku wenyewe? Torvald anarudi kutoka kwenye dansi, anafungua sanduku la barua ambalo ufunguo wake anao yeye peke yake, anaisoma barua ya Krogstad. Anafoka. Anamwambia Nora kwamba ataendelea kukaa nyumbani ili watu wasijue, lakini hataruhusiwa kuwalea watoto. Soma hapo mara mbili. Kabla Nora hajatamka neno la kuondoka, baba amekwisha kumpokonya watoto kwa mdomo wake. Barua ya pili inafika na hati ya deni ndani yake, na Torvald anashangilia kwamba yeye ameokoka. Yeye. Nora inambidi aulize kama na yeye ameokoka pia. Dakika hiyo hiyo Torvald anasamehe, anataka warudi kama zamani, na uamuzi kuhusu watoto anausahau kana kwamba hakuutamka.

Nora hausahau. Anakwenda kubadilisha nguo za dansi, anarudi na nguo za kawaida, anamwambia mumewe aketi. Katika miaka minane ya ndoa, hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza ya maana.

Kama bado unaona alipaswa kubaki, huko peke yako, na hoja yako ina historia ndefu. Mwaka 1880 mwigizaji maarufu wa Ujerumani, Hedwig Niemann-Raabe, alikataa kuigiza mwisho ule kwa sababu yeye mwenyewe hangewaacha watoto wake. Ibsen, akihofia kwamba mtu mwingine angeiharibu kazi yake, aliandika mwisho mwingine kwa mkono wake: Torvald anamvuta Nora hadi mlango wa chumba cha watoto, Nora anawaona wamelala, nguvu zinamwishia, anabaki. Mwandishi aliuchukia mwisho huo, na jukwaani haukudumu. Lakini ni silaha nzuri ya mjadala. Jiulize: mwisho huo ungehitaji kubadilisha nini katika sehemu tatu zilizotangulia ili uaminike? Ukianza kuhesabu, utaona ni mengi mno: mazungumzo na yaya, maneno ya Torvald kuhusu sumu, barua mbili, kubadilisha nguo. Mwisho wa tamthilia nzuri umefungwa kwa kamba nyingi, na kazi yako katika insha ni kuonyesha kamba hizo.

Unaandikaje basi? Chukua msimamo katika sentensi ya kwanza, kisha kila aya ibebe hoja moja na tukio moja lililo kitabuni. Usiseme tu "Torvald ni mbinafsi". Hii hapa aya ya mfano. Igeuze kwa Kiingereza chako mwenyewe, usiikariri:

Uamuzi wa Nora wa kuwaacha watoto unatokana kwa kiasi kikubwa na maneno ya mumewe. Torvald anaposema kwamba mama mwongo huwatia watoto sumu, Nora anaogopa na kuanza kujitenga nao. Siku inayofuata anamwambia yaya hataweza kuwa nao kama awali. Baadaye Torvald, akiwa na barua ya Krogstad mkononi, anamtangazia kwamba hafai kuwalea. Kwa hiyo Nora anapoondoka, anatekeleza hukumu ambayo Torvald mwenyewe ameitoa, ingawa sasa analalamika anapoona ikitekelezwa.

Aya hiyo ina matukio matatu na haina mahubiri hata moja. Unaweza kuipinga, na ukiipinga kwa matukio matatu ya upande wako, mtahini atakupa alama sawa. Ukimtetea Torvald, kwa mfano, utahitaji kueleza kwa nini mwishoni anasema yuko tayari kubadilika, na kama tumwamini. Sijawahi kumwamini mimi, lakini nimesoma insha mbili tatu zilizonitikisa.

Mkikutana tena darasani, msianze na mlango. Wawili kati yenu wasome kwa sauti mazungumzo ya Nora na yaya, bila kuigiza sana, wengine mkiwa mmefunga vitabu. Kisha rukeni moja kwa moja hadi karibu na mwisho, pale Nora anapokataa kwenda kuwaangalia watoto mara ya mwisho na kusema wako katika mikono iliyo bora kuliko yake. Mikono anayoisema ni ya yaya yule yule. Bishaneni hapo: je, Nora anasema hivyo kwa kuwapenda watoto, au anamwachia mwanamke maskini mzigo kwa mara ya pili?