Kamera Haijui Unampiga Nani Picha

Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alipoanza kuuza kamera ya Kodak, aliwaahidi wanunuzi kwamba kazi yao ni kubonyeza tu, mengine yote kampuni itayamaliza. Ahadi hiyo ndiyo inayouza simu mpaka leo, na ndiyo inayomfanya mtu anayejiunga na darasa la upigaji picha aulize kwanza anunue kamera gani. Swali hilo linaweza kungoja. Somo linalostahili kutangulia mengine yote, hata lile la kupanga watu kwenye fremu, ni namna kamera inavyopima mwanga na namna ya kuikatalia inapokosea. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura somo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu wengi atakaowapiga picha wana ngozi nyeusi, na hapo ndipo kamera iliyoachwa ijiamulie huharibu zaidi.

Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakitofautishi uso na gunia la mkaa. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, kisha kinachukulia kwamba vyote, vikichanganywa, vina wastani wa kijivu. Wapigapicha wana kadi maalumu ya rangi hiyo, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Dhana hiyo inafaa sana kwa mandhari ya majani, barabara na nyumba. Sasa msimamishe bwana harusi mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Weupe umejaa fremu, kwa hiyo kamera inadhani mwanga umezidi na kuupunguza. Kanzu inatoka ya kijivu, na uso unakuwa doa jeusi lisiloonyesha macho wala tabasamu. Msogelee mpaka uso wake ujaze fremu, na kamera ileile inaona giza, inaongeza mwanga, ngozi inapauka kama iliyopakwa majivu. Mtu ni yuleyule na jua ni lilelile, lakini picha zote mbili zimemkosa.

Dawa yake haihitaji kamera ya bei kubwa. Mwanga unaoingia huamuliwa na ukubwa wa tundu la lenzi na muda ambao shata inakaa wazi, kisha ISO huamua kamera iukuze kwa kiasi gani. Hesabu yake ni ya kuzidisha au kugawa kwa mbili, na kila mara moja huitwa hatua. Kutoka sekunde 1/125 kwenda 1/250 unapunguza mwanga nusu. Kutoka ISO 200 kwenda 400 picha inang'aa maradufu. Kutoka f/8 kwenda f/5.6 mwanga unaongezeka maradufu pia, maana kwenye lenzi namba ndogo ndiyo tundu kubwa, jambo linalowachanganya wengi siku za mwanzo. Mwanafunzi akishaizoea hesabu hiyo, kumwokoa bwana harusi ni kazi ya kidole kimoja. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Mbele ya ukuta mweupe anaongeza hatua moja, pengine moja na nusu. Uso ukijaza fremu anapunguza moja. Kwenye simu anagusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha anasogeza alama ya jua juu au chini mpaka ngozi ifanane na ile anayoiona kwa macho yake.

Atatokea wa kusema kwamba kipima mwanga ni chombo tu, hakina ubaya na mtu. Ni kweli, ila chombo hutengenezwa na watu wenye sura fulani akilini. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, alieleza kwamba miongoni mwa waliolalamikia udhaifu wa filamu za Kodak katika kuonyesha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Malalamiko ya wafanyabiashara hao yalisikilizwa. Ni jambo la kuumiza kwamba nyuso za watu weusi zilikuwa zikipotea kwenye picha za shule wakati huohuo, na hazikutosha kuharakisha mabadiliko.

Pingamizi zito zaidi ni la simu za kisasa. Hizo hutambua uso, huchanganya picha kadhaa kwa mpigo, na hurekebisha kabla hata mtu hajaitazama. Mwaka 2021 Google ilitangaza teknolojia yake ya Real Tone, iliyokusudiwa kuonyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi. Maendeleo hayo ni ya kweli na yanastahili pongezi. Hata hivyo, programu inakisia vizuri zaidi, na inabaki kukisia: haijui kama unataka uso wa bibi uonekane wazi au ubaki kivuli dhidi ya machweo ya Lamu. Kurekebisha baadaye kwenye kompyuta nako kuna mipaka. Kanzu iliyoungua kwa mwanga uliozidi hairudishi nyuzi zake, kwa kuwa hakuna kilichorekodiwa pale, na uso uliozama gizani ukivutwa juu kwa nguvu huja na chembechembe.

Wengine watasema kujifunza hivi ni ghali, kunahitaji taa na vifaa vya studio. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani, kwa mwanga wa mchana, na kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa na gharama. Tazama picha hizo: nakshi za vitambaa zinahesabika, na ngozi ina kina na mng'ao wake. Alijua mwanga ulikotoka kabla hajabonyeza. Kwetu, karibu na ikweta, jua la saa saba mchana hupiga utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo meusi, lakini hatua tatu pembeni huwa pana baraza, au mlango ulio wazi, ambako mwanga ni laini na unatoka upande mmoja. Hapo mwanafunzi aweke f/5.6, shata 1/125 na ISO 100, atazame uso ulivyotoka, kisha afungue tundu mpaka f/4 iwapo bado ni mweusi kuliko ulivyo. Mwenzake aliyevaa nguo nyeupe apigwe kwa vipimo hivyohivyo, halafu aliyevaa buibui jeusi, bila kubadilisha namba yoyote. Wakiziweka picha hizo pamoja na zile za otomatiki zilizopigwa palepale, wataona wenyewe ni zipi ambamo rangi ya uso imebadilika kila mavazi yalipobadilika.